Utando wa Bakteria na Kaboni ya Nano: Maswali Yanayoulizwa Lamu Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa manahodha, mafundi wa mashine za kuchuja chumvi, wauguzi, wenye nyumba za mawe zenye mabirika (hifadhi za maji zilizojengwa ndani ya nyumba), na wanafunzi wa sekondari. Yameongezeka tangu habari za "mkaa wa ajabu" unaozuia vijidudu zianze kuzunguka kwenye simu. Nimeanza na ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Jambo lililokwisha kujibiwa sirudii. Utaelekezwa nambari ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Utando wa bakteria ni kitu gani?

Tia mkono ndani ya birika ambalo halijasuguliwa siku nyingi, upitishe kidole ukutani chini kidogo ya usawa wa maji. Ule utelezi ndio wenyewe. Ukoga wa meno ni huo huo. Ute wa kijani unaoshika chini ya mashua iliyolala nangani nao ni huo, ila umechanganyika na vimwani vidogo.

Bakteria akigusa kitu kilicholowa hukishika kwanza kwa wepesi, na bado anaweza kung'oka. Asipong'oka hujibandika, huzaana, na wote kwa pamoja hutoa ute wa sukari, protini na vipande vya DNA. Ndani ya ute huo ndimo wanamoishi. Ukishakomaa, baadhi yao hutoka wakaenda kuanzisha utando mwingine. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwaeleza mwaka 1683, baada ya kukwangua ukoga wa meno na kuutazama kwa lenzi. Ikabidi kungoja hadi miaka ya 1970 ndipo watafiti kama J. William Costerton waonyeshe kwamba bakteria wengi huishi hivi, wamebanana juu ya kitu, wala si mmoja mmoja majini.

2. Mbona klorini na dawa za hospitali haziwamalizi?

Dawa inabidi iupite ute kwanza. Klorini huishiwa nguvu ikipambana na tabaka la juu, na bakteria wa chini hawaguswi. Tena wale wa chini hupata chakula kidogo, hukua polepole, na antibiotiki nyingi huwaua wanaokua. Waliomo ndani ya utando wanaweza kustahimili dozi hata mara 1,000 ya ile inayowaua wakiwa wanaogelea. Huo si usugu wa kurithi: wabandue, watawanye majini, na wengi watakufa kwa dozi ya kawaida.

Kwa hiyo kina mama wanaosugua birika kwa kumbi la nazi kwanza, halafu ndipo watie dawa, wanafanya sawasawa. Ukitanguliza dawa na kuacha kusugua, umepoteza dawa.

3. Na hiyo kaboni ya nano ni nini?

Ni kaboni ile ile ya mkaa na ya penseli, ila imepangika katika umbo ambalo angalau upande wake mmoja hauzidi nanomita 100. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Bakteria wa kawaida ana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000 hivi.

Maumbo yanayotajwa zaidi ni manne. Grafini ni karatasi yenye unene wa atomu moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliitenga Manchester mwaka 2004 kwa kubandua grafiti na selotepu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Ikitiwa oksijeni huitwa oksidi ya grafini, na kwa kuwa hii hutawanyika vizuri majini, ndiyo inayotumiwa sana maabara. Mirija ya nano ni karatasi hiyo hiyo iliyoviringwa, mithili ya mkeka unaoegeshwa ukutani wageni wakishaondoka; iliyo na ukuta mmoja ina kipenyo cha nanomita 1 au 2 tu. Fulerini ni mpira wa atomu 60, uliogunduliwa mwaka 1985. Vidoti vya kaboni ni chembe ndogo zisizozidi nanomita 10 hivi, na nyingi hung'aa zikipigwa mwanga wa urujuanimno.

4. Ikiwa ni kaboni tu, si nitumie mkaa wa vifuu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwaudhi watu. Hapana. Tena mkaa wa kawaida unaweza kufanya kinyume kabisa.

Mkaa amilifu, ule wa kwenye filta, mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Una vitundu vingi mno: gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000. Hunasa harufu, rangi, na klorini. Hapo ndipo penye taabu, maana maji yanayopita humo hupoteza klorini, uchafu ambao ni chakula cha bakteria hubaki umenaswa, na vitundu vinawapa pa kujificha. Ipo mitambo mikubwa ya maji inayoitumia tabia hiyo makusudi, inawalea bakteria ndani ya mkaa ili wale uchafu. Lakini filta ya jikoni isiyobadilishwa kwa wakati huota utando ndani kwa ndani, na mwenye nyumba hana habari.

Kinachofanya kazi kwenye kaboni ya nano ni umbo na ukingo wake, pamoja na namna ilivyogandishwa juu ya kitu. Kusaga mkaa hadi uwe unga laini hakukupi grafini.

## Inavyofanya kazi

5. Inawaua vipi?

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana njia ipi ina uzito zaidi. Kuna njia ya kukata: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba bakteria aina ya E. koli wakigusana na mirija ya ukuta mmoja, ngozi zao huharibika. Mirija minene yenye kuta nyingi ilionekana dhaifu zaidi. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba karatasi ya grafini inaweza pia kufyonza mafuta yanayojenga ngozi ya bakteria. Kuna njia ya kemikali, ambapo kaboni huchukua elektroni za bakteria au kuzalisha oksijeni kali inayomuunguza. Karatasi pana zinaweza kumfunika akakosa chakula. Na kuna mwanga: grafini ikipigwa mwanga ulio karibu na infraredi hupata joto, ilhali fulerini na baadhi ya vidoti vikimulikwa hutoa oksijeni kali.

Hadithi ya kukata ndiyo ipendwayo na magazeti, kwa sababu picha yake ni rahisi. Mimi huuliza kwanza grafini yenyewe imelala au imesimama. Ikiwa imelala bapa juu ya kitu, kingo zake haziwezi kumchoma yeyote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, Sweden, waliotesha vipande vya grafini vikiwa wima, na bakteria waliotua juu yake wakapasuka. Seli za binadamu hazikudhurika, kwa kuwa seli moja ina upana wa maikromita 25 hivi na bakteria ana 1 tu: kinachompasua bakteria, kwa seli ni mkwaruzo mdogo.

6. Inazuia utando, au inauondoa ukishaota?

Inazuia. Ukishachukua jibu hili moja, mengi ya hapa chini utayabashiri mwenyewe.

Kaboni inayotenda kwa kugusa inahitaji kumgusa bakteria. Utando uliokomaa una ute unaomtenga na uso, na kaboni ikimwagiwa juu huishia kunaswa kwenye ute huo huo. Pale mwanzoni, bakteria wa kwanza wanapotua, ndipo inapofaa.

Hata hapo kuna mpinzani anayesahaulika. Kitu chochote safi kikitumbukizwa baharini, au kwenye mkojo au damu, hufunikwa na protini na mabaki mengine kabla hata bakteria hawajafika. Tabaka hilo huziba ncha za grafini. Bakteria waliokufa nao hubaki pale pale, na wenzao huja kutua juu ya maiti. Kwa sababu hiyo matokeo mazuri ya saa chache katika maji safi ya maabara hayakwambii mengi juu ya miezi mitatu ndani ya mkondo wa Lamu.

7. Nimesoma kwamba grafini inawakuza bakteria. Ni uongo?

Si uongo. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi iliyoonyesha bakteria wakistawi haraka zaidi palipo na oksidi ya grafini, mwaka mmoja tu baada ya wengine kutangaza kwamba inawaua. Nyenzo hizi hutofautiana kwa ukubwa wa karatasi, kiasi cha oksijeni, na mabaki ya asidi ya kutengenezea yasiyosafishwa vizuri. Mabaki hayo yenyewe yanaweza kuua, sifa ikaenda kwa grafini. Mtu akikwambia "grafini inaua bakteria" bila kutaja ipi, imewekwaje na kwa muda gani, hajakwambia kitu.

8. Bakteria hawatazoea?

Kuzoea kukatwa ni kugumu kuliko kuzoea antibiotiki moja, na hilo ndilo tumaini la watafiti. Lakini utando wenyewe ni njia ya kujikinga: ute ukiongezeka, mguso unapungua. Angalia swali la 6.

## Majini na vyomboni

9. Mashine yetu ya kuchuja chumvi inaziba mara kwa mara. Grafini itatusaidia?

Hapa swali lina uzito. Maji matamu ya Lamu hutegemea mvua iliyojihifadhi chini ya vilima vya mchanga vya Shela, visima vingi vya mjini vina chumvi, na wenye uwezo wameingia kwenye mashine. Mashine ya maji ya bahari husukuma maji kwa presha ya baa 55 hadi 70 kupitia kichujio chembamba cha polyamaidi, aina ya plastiki. Klorini huila polyamaidi, kwa hiyo inabidi iondolewe kabla maji hayajafika pale, kwa kawaida kwa metabisulfiti ya sodiamu. Yaani mahali unapoihitaji zaidi dawa ndipo huwezi kuitia! Maji yana joto, chakula kipo, na bakteria mmoja aliyepenya anatosha kuanzisha ukoo. Fundi ataona presha ikipanda, maji matamu yakipungua, na akifungua atakuta ute wa kahawia wenye harufu ya matope.

Kugandisha oksidi ya grafini juu ya kichujio ni wazo zuri kwa sababu hii. Watafiti wa Yale walilijaribu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha zaidi ya nusu ya bakteria waliogusa uso huo wakifa ndani ya saa 1, na kichujio kikaendelea kuzuia chumvi. Mnamo 2017, Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani na Ben-Gurion cha Israeli walionyesha njia nyingine: plastiki inaunguzwa kwa leza ikawa grafini yenye povu, inapitishiwa umeme mdogo, na bakteria wanakufa. Hii ya pili mimi naiona na maisha marefu, kwa kuwa umeme unaweza kuzimwa na kuwashwa, wakati ncha iliyozibwa imezibwa.

Kwa leo, hata hivyo, fundi wako hana kichujio cha namna hiyo cha kununua Mombasa. Afanye haya: abadilishe filta za mwanzo kabla hazijajaa, asiiache mashine imesimama na maji ya bahari ndani, bali aisukutue kwa maji matamu iliyoyatoa yenyewe, na anapoosha, aanze na dawa ya alkali inayolegeza ute, asidi ifuate. Wengi huanza na asidi wakashangaa ute haubanduki.

10. Vipi kupaka kaboni ya nano chini ya chombo badala ya rangi ya sumu?

Wazee wa Lamu walikuwa na deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya wanyama, ikipakwa chini ya maji, na sifa, yaani mafuta ya papa, kwa mbao za juu. Chombo hupandishwa wakati wa bamvua, maji yakipwa kikabaki kimeegama mchangani, kikwanguliwe, kichomwe kwa moto wa makuti, ndipo kipakwe upya. Deheni haidumu, na pengine ndiyo hekima yake: inamomonyoka, na kilichoota juu yake kinaondoka nayo.

Rangi za kisasa nyingi zina shaba. Kulikuwa na kali zaidi, zenye bati la kikaboni, ambazo ziliwafanya konokono wa kike wa baharini kuota viungo vya kiume. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, ulizipiga marufuku.

Utando wa bakteria huwa wa kwanza kufika, kisha mwani, kisha viumbe wenye magamba. Mwaka huo huo wa 2008 ilionyeshwa kwamba kiasi kidogo mno cha mirija yenye kuta nyingi, kikichanganywa na silikoni, hufanya mwani na wenye magamba wabanduke kwa urahisi zaidi. Tafadhali soma vizuri: wabanduke. Rangi ya aina hii haiwaui, inategemea chombo kiende kasi ili maji yawang'oe. Boti ya faiba inayokimbia kila siku kati ya Mokowe na Lamu inaweza kunufaika. Jahazi linalokaa nangani wiki nzima halitapata faida hiyo. Tena silikoni ni laini, na chombo cha mbao kinachokokotwa mchangani kitaikwangua mara ya kwanza tu kikipandishwa. Nahodha wa mashua ya mbao akiniuliza, namwambia aziweke pesa zake kwenye kalafati, kuziba nyufa za mbao.

11. Birika, tangi na jabia je?

Usitie chochote cha nano. Birika lina visamaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, na maji hayo mnaoga, pengine mnapikia. Sugua, acha likauke kabisa unapoweza, jaza, tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wenye visamaki wawatoe kwanza, kwa maana klorini itawaua.

12. Kipindupindu kina uhusiano na utando?

Ndiyo. Bakteria wake hujibandika juu ya gamba la vidudu vidogo vya majini, na kwa hiyo kitambaa kinaweza kuwanasa ingawa wao wenyewe ni wadogo kuliko matundu yake. Huko Bangladesh, timu ya Rita Colwell iliwafundisha wanawake kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Leso (khanga) kuukuu iliyofuliwa ikaanikwa juani inaweza kufanya kazi ya namna hiyo. Nusu nyingine ya hatari imebaki, kwa hiyo chemsha au tia dawa baada ya kuchuja.

## Hospitalini

13. Mgonjwa wetu ana mpira wa mkojo na homa inarudi. Kuna mipira yenye grafini?

Ipo kwenye majaribio, msiitafute dukani. Mpira wa mkojo huota utando kadiri siku zinavyokwenda, na bakteria wengine, kama Proteus, huugeuza mkojo hadi chumvi zikagande ndani na mpira uzibe. Linalosaidia mgonjwa ni muuguzi kuuliza kila siku kama mpira bado unahitajika, mfuko kukaa chini ya kiuno, na mpira wenye utando kubadilishwa badala ya kuongezewa dawa (sababu iko swali la 2). Mwambieni daktari wazi kwamba homa imerudi, na mpira una muda gani.

14. Je, naweza kupaka kidonda unga wa kaboni ya nano?

La. Nenda zahanati.

## Usalama

15. Ni kweli kaboni ya nano inafanana na asbesto?

Baadhi, ndiyo. Mwaka 2008 mirija mirefu na migumu ilipowekwa kwenye tumbo la panya ilileta uvimbe wa aina ile ile unaoletwa na nyuzi za asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka aina moja ya mirija yenye kuta nyingi, Mitsui-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hazikuwa na ushahidi wa kutosha kuamuliwa. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani inapendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya maikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa zamu nzima.

Hatari kubwa iko kwenye unga mkavu unaopeperuka. Kaboni iliyofungwa ndani ya rangi au plastiki ni salama zaidi, mpaka mtu aanze kuipiga msasa. Mafundi wa boti, hilo ni lenu.

16. Na bahari?

Kitu kilichotengenezwa kiue bakteria hakichagui. Bakteria ndio wanaoozesha majani ya mikoko, na matumbawe yana bakteria wake wanaoishi nayo. Kaboni iliyogandishwa imara ina madhara madogo. Inayobanduka kidogo kidogo ndiyo ya kuulizia. Kabla ya kupaka chochote kwenye maji yanayoelekea Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, ningetaka kuona vipimo vya kiasi kinachobanduka. Muuzaji asipokuwa navyo, basi.

## Wanaouza na wanaojaribu

17. Kuna mtu anauza filta ya "grafini" inayodumu maisha. Ninunue?

Muulize mambo matatu. Kaboni imegandishwa juu ya nini? Ilijaribiwa kwa muda gani, na kwa maji gani? Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko wapi? Ikiwa inadai kutibu ugonjwa, uliza pia usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu. Ukipasua filta hizi nyingi utakuta mkaa amilifu wa kawaida, kwa hiyo rudi swali la 4. Na filta inayodumu maisha haipo.

18. Sisi ni wanafunzi. Tunaweza kutengeneza oksidi ya grafini kwa kongamano la sayansi?

Msijaribu. Njia inayojulikana, ya Hummers ya mwaka 1958, inachanganya asidi kali ya salfa na pamanganeti ya potasiamu, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Mna mradi mzuri zaidi: kupima utando wenyewe juu ya vitu mbalimbali, kwa mfano kigae, plastiki, mbao ya mkoko na kifuu.

19. Tutaupimaje bila mashine ghali?

Kwa GV, ile dawa ya zambarau waliyopakwa watoto mdomoni. Maabara kubwa hutumia rangi hiyo hiyo. Chukua vipande vya ukubwa sawa, viache ndani ya maji ya birika siku kadhaa, visuuze polepole ili bakteria wanaoelea waondoke, vitie kwenye GV iliyozimuliwa kwa dakika 15, visuuze tena hadi maji yatoke meupe. Rangi iliyobaki ndiyo utando. Itoe kwa spiriti ndani ya glasi na ulinganishe ukali wa zambarau. Msitumie maji ya mtaro wala ya choo, vaeni glavu, na kabla ya kumwaga loweka kila kitu kwenye jiki.

20. Kipande chetu chenye dawa kimetoka zambarau sawa na kisicho na dawa. Dawa imeshindwa?

Si lazima. GV hupaka rangi bakteria hai, wafu, na ute pia. Uso unaoua lakini haubandui utaonekana mchafu sawasawa na mwingine. Ili kujua nani yu hai inabidi kukwangua kipande kingine kisichopakwa rangi, kuotesha kwenye sahani ya agari na kuhesabu madoa yanayoota, na hilo lifanyike maabara chini ya mwalimu.